Upanga wa Petro na silaha iliyo chini ya kitanda

Masomo: Luka 22:33-51, Yohana 18:10-27

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo watu wananiambia tu wakiisha kufunga mlango. Wanaangalia dirisha kwanza, wanapunguza sauti, kisha wanasema: "Pasta, niko na kitu nyumbani." Mara ya kwanza kusikia neno hilo nilifikiri ni dawa ya mganga, nikaanza kukemea. Siku hizi mtu akiniambia ana "kitu", ninafahamu. Ni bunduki. Ao ni bastola iliyofungwa katika kitenge. Ao ni guruneti iliyowekwa ndani ya kopo la maziwa, juu ya kabati, mahali watoto wasipofika, ndivyo anavyofikiri.

Sikuja kutaja mtu. Watu watatu nitakaosema habari zao walinipa ruhusa, na nimebadili mambo fulani kusudi jirani asiwatambue. Mtu wa nne ni mimi mwenyewe, na huyo sikumbadili kitu.

Niseme hili mbele. Sizungumzi juu ya askari na polisi walio kazini. Kuko maaskari katika kanisa letu, wanaimba katika kwaya, wanatoa fungu la kumi. Maaskari walipomwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, katika Luka 3:14, hakuwaambia watupe mikuki yao. Aliwakataza kunyang'anya na kusingizia watu, akawaambia watosheke na mshahara. Ninajua mshahara wa askari wetu, na ninajua neno hilo la mwisho ni gumu, lakini siyo somo la leo. Leo ni juu ya raia: mchuuzi, mkulima, motari, mama wa nyumbani, mhubiri. Kwa nini mtu aliyezaliwa mara ya pili anatembea na silaha? Siulizi kama ni dhambi. Tutafika huko. Ninauliza kwanza: kwa nini? Maana Mungu anapotazama silaha, anatazama pia moyo wa yule anayeibeba, na mara nyingi moyo huo una sababu ambayo mwenyewe hajaisema hata kwa bibi yake.

Tuanze na Petro. Katika chumba cha juu Yesu anawaambia wanafunzi kwamba siku zimebadilika. Zamani aliwatuma bila mfuko na bila viatu, wala hawakukosa kitu. Sasa mwenye mfuko auchukue, na asiye na upanga auze vazi lake anunue. Mara moja wanamwonyesha: ziko panga mbili hapa. Naye anafunga maneno, anasema yatosha.

Katika Chuo cha Biblia tulibishana juu ya mstari huu hata kengele ya chakula ikalia na hakuna aliyesimama. Mmoja alisema, mnaona, Yesu aliruhusu. Mwingine akasema, Yesu alikuwa anasema kwa mfano. Mwalimu wetu, mzee mwenye sauti ndogo, alituuliza swali moja tu: wanaume wale, na panga mbili, mbele ya kikosi kinachokuja na mienge na marungu, zinatosha kwa nini? Kwa vita hazitoshi. Kwa kulinda usiku mmoja hazitoshi. Mstari wa 37 unatupa njia: Yesu anakumbuka Maandiko yaliyosema kwamba atahesabiwa pamoja na wahalifu. Kwa jambo hilo panga mbili zinatosha sana. Hata moja ingetosha.

Lakini mimi ninataka tumtazame mwenye upanga. Zilikuwa mbili tu, na mmoja wa wenye upanga alikuwa Petro. (Wa pili alikuwa nani? Biblia haisemi, na mimi sisemi. Najua kuna wahubiri wanaosema ni Simoni Zelote. Waulizeni wao walimwona wapi.) Petro alikuwa mvuvi. Mvuvi ana kisu cha samaki, sawa. Upanga ni wa kazi gani? Someni mstari wa 33 wa sura ile ile: saa chache mbele, Petro amemwambia Bwana kwamba yuko tayari kufungwa na kufa pamoja naye. Ndiyo sababu yake. Upanga wa Petro ulikuwa upanga wa upendo. Hakuubeba kwa wizi, hakuubeba kwa kiburi cha barabarani. Alikuwa na mtu anayempenda kuliko nafsi yake, na alisikia harufu ya kifo katika nyumba ile, akasema moyoni: hapana, nikiwa hai hapana.

Ninasema hivi kusudi mtu asifikiri kwamba ninawacheka wenye silaha. Wengi waliokuja kwangu wana sababu ya Petro. Mnajua tunaishi wapi. Mnajua barabara ya Beni kwenda Kasindi, mnajua vijiji ambavyo watu wameviacha na kakao ikioza kwenye mti. Tarehe 6 Mei 2021 mkoa wetu na Ituri viliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na bado tunazika. Jumapili ya 15 Januari 2023, bomu lililipuka ndani ya kanisa la Kipentekoste kule Kasindi, watu wakiwa katika ibada ya ubatizo. Watu waliovaa nguo ya kwenda kushuhudia maji walipelekwa katika damu. Nyuma ya siku ile ndugu wawili walinifuata, wakaniomba ruhusa ya kuketi kwenye kiti cha nyuma na bastola katika koti. Wanapenda kanisa, sina mashaka. Niliwauliza: kule Kasindi, mwenye bastola angepiga nani? Hawakujibu. Tuliweka wamama wawili na mashemasi wawili mlangoni wa kuangalia mifuko, na hata leo mnawaona, na mnanung'unika wakifungua mikoba yenu. Endeleeni kunung'unika, na mikoba itafunguliwa.

Mtu wa kwanza kati ya watatu ananunua kakao. Anabeba dolare, wakati mwingine nyingi, kwa sababu mkulima hataki karatasi, anataka pesa mkononi. Alinyang'anywa mara mbili. Mara ya pili walimfunga kwenye mti, akakaa pale hata asubuhi. Akanunua bastola. Aliponiambia, nilimwuliza kama amekwisha kuitoa mfukoni mbele ya mtu. Alinyamaza sana. Kisha akasema: "Mara moja, Pasta." Nikafikiri atanihadithia wezi. Hapana. Aliitoa mbele ya kijana wa motari, palepale mjini, mchana, juu ya franga elfu moja. Walikuwa hawapatani juu ya bei. Kijana alisema neno la dharau mbele ya watu, na mkono ukaenda mfukoni wenyewe. Alisema hivi, na sitasahau: "Mkono ulifika kabla yangu."

Mnaona? Alinunua silaha juu ya watu waliomfunga kwenye mti. Wale hajawaona tena hata leo. Aliyeiona silaha ni mtoto wa watu mwenye pikipiki ya deni.

Fungueni 1 Samweli 25. Daudi ana watu wenye panga porini. Panga zile zilikuwa na sababu nzuri, maana Sauli alimtafuta amwue. Lakini siku ile Sauli hayupo. Yuko Nabali, tajiri mchafu wa kinywa, aliyekataa kuwapa chakula na akawatukana. Daudi akasema kila mtu ajifunge upanga wake, na watu 400 wakapanda pamoja naye, 200 wakabaki na vyombo. Watu mia nne juu ya tusi na mkate! Kama siyo Abigaili aliyepakia punda chakula na kuwahi njiani, Daudi angeua kila mwanamume wa nyumba ile, na hakuna zaburi ambayo ingeosha jambo hilo. Sababu unayoinunulia silaha na sababu utakayoitumia siyo lazima ziwe ndugu. Ya kwanza unaichagua wewe, umeketi, umetulia. Ya pili inachaguliwa na hasira ya siku ile.

Huyu ndugu tulisoma naye Ezra 8. Someni nyumbani, ni sura ya mtu anayesafiri na mali. Ezra anapeleka fedha talanta 650 na dhahabu talanta 100, kutoka Babeli hata Yerusalemu, safari ya miezi minne. Mstari wa 22 anasema aliona haya kumwomba mfalme maaskari, kwa sababu alikwisha kumwambia mfalme kwamba mkono wa Mungu unawalinda wamtafutao. Basi wakafunga na kuomba. Wengine wanaishia hapo wakisema, mnaona, Ezra alikuwa na imani tu. Lakini soma mbele: aligawa mali ile kwa watu kumi na wawili wa makuhani pamoja na wenzao, akaipima mbele yao, na walipofika ikapimwa tena, uzito ukaandikwa. Imani na mizani. Ndugu yetu leo habebi pesa yote peke yake, na hasafiri siku moja kila juma kama zamani, siku ambayo kila mtu sokoni aliijua. Wananunua wakiwa watatu, na sehemu ya malipo inapita kwa simu. Bado anaogopa. Aliniambia anaogopa kuliko zamani, lakini anapatana na motari.

Na kusudi tusimfanye Ezra kuwa sheria: Nehemia alipita njia zile zile, na yeye alienda na maakida wa jeshi na wapanda farasi wa mfalme, Nehemia 2:9, wala hakuona haya. Paulo pia. Mpwa wake alipoleta habari za watu zaidi ya arobaini walioapa kumwua, Paulo alimpeleka kijana yule kwa akida, na usiku ule akaondolewa Yerusalemu katikati ya maaskari 200, wapanda farasi 70, na wenye mikuki 200. Matendo 23. Paulo hakuona ni aibu kulindwa na serikali, hata serikali isiyomjua Kristo. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba ninafundisha watu kukaa kama kuku wanaongoja kuchinjwa.

Mtu wa pili ni kijana. Habari yake ni fupi. Alikuwa na miaka kumi na saba, watu wenye silaha waliingia kwao wakampiga baba yake mbele yake, wakamvua nguo. Kesho yake kijana akaenda porini kwa wale wanaojilinda. Alipopewa bunduki, anasema kitu cha kwanza alichofanya ni kurudi kijijini ili baba yake amwone nayo. Baba alimwangalia, akaingia ndani. Ni hayo tu. Alikaa porini miaka miwili akingoja baba amwangalie namna nyingine. Vijana wengi mnaowaita wakaidi wamebeba tu aibu ya baba zao. Mkitaka waiache bunduki, tafuteni kwanza nani atakaa na baba.

Mtu wa tatu ni mama mjane. Bwana yake alikuwa askari, akafa na ugonjwa, nyumbani, akiwa kwenye ruhusa. Bunduki ikabaki. Hakuna mtu aliyeuliza. Mama akaiweka chini ya mfuko wa maharagi, na kila mwanzo wa mwezi anaitoa usiku, anaipangusa na mafuta, kwa sababu ndivyo alivyomwona bwana yake akifanya. Nilimwuliza: "Mama, unaogopa wezi?" Akasema hapana. "Ni nani basi?" Akasema: "Inanuka sawa na yeye."

Wapendwa, nilikuwa na mistari tayari kichwani juu ya vita, na mstari mmoja haukufaa. Kisha akaniambia sababu ya pili, na hii ndiyo inayomfunga: anaogopa kuirudisha. Akienda nayo kwa wakubwa watamwuliza ilikuwa wapi miaka yote hii, nani aliitumia, imeua nani. Na hoja yake siyo ya kijinga. Sheria ya silaha ya nchi yetu, ya tarehe 3 Septemba 1985, haimruhusu raia kuweka silaha bila karatasi ya ruhusa, na bunduki ya vita siyo kitu cha raia. Tena sheria ya 2002 ya mahakama za kijeshi inasema raia akifanya kosa na silaha ya vita, anahukumiwa na wanajeshi. Mama muuza maharagi anajiona amesimama mbele ya waamuzi wenye nyota mabegani, hana lugha yao, hana wakili. Basi analala juu ya kitu kinachomwogopesha, kwa sababu kukiondoa kunamwogopesha zaidi. Niliona kwamba kuko nyumba nyingi za namna hii, na sisi wahubiri tunapiga kelele "tupeni silaha" bila kusema zitupwe wapi.

Watu wa Mungu wamekwisha kushughulika na jambo hili. Katika miaka ya 2000, kule Katanga, Mchungaji Daniel Ngoy Mulunda na shirika lake PAREC walikuwa wanapokea bunduki na kumpa mtu baiskeli. Baiskeli! Wengine waliwacheka. Lakini fikirini: mtu anayekabidhi bunduki anarudi kijijini na nini mkononi? Akirudi mikono mitupu, kila mtu anaona amekuwa mdogo. Akirudi na baiskeli anaweza kubeba makala, anaweza kumpeleka mtoto hospitali. Na tangu 2021 serikali ina programu ya P-DDRCS kwa wale waliokuwa katika vikundi. Sisemi kila kitu kinaenda vizuri huko, nimesikia malalamiko kama ninyi. Ninasema mlango uko.

Sasa wale wa Torati mnataka kuniuliza, na barua mbili zimekwisha kufika hapa redioni: "Pasta, Kutoka 22 je?" Ndiyo, tuisome yote, siyo nusu. Kutoka 22:2-3 inasema mwizi akipatikana anavunja nyumba usiku akapigwa akafa, aliyempiga hana hatia ya damu. Lakini jua likiisha kupanda, ana hatia. Mungu anajua usiku. Anajua mtu aliyeamka na moyo unapiga, haoni ni mwizi mmoja ao kumi, watoto wamelala nyuma yake. Mungu hamhukumu mtu huyo kama mwuaji. Lakini jua likipanda, unamwona mtu usoni, unaweza kupiga makelele, unaweza kumshika, sasa ukimwua ni juu ya kitu kingine. Bunduki nyingi za kwetu zilinunuliwa juu ya usiku na zinatumika mchana. Na ninyi mnaowachoma wezi na matairi mchana, polisi ikiwa mita mia, someni mstari wa tatu mara mbili.

Sasa mtu wa nne.

Miaka saba iliyopita wezi waliingia kwangu. Waligonga, wakaita: "Pasta, Pasta, tusaidie." Nikafungua. Walichukua simu, pikipiki, na pesa za mabati ya kanisa ambazo sikupaswa kuzilaza nyumbani. Walinipiga mbele ya watoto wangu. Juma lile lile ndugu mmoja akaniletea bastola. Sikuikataa. Niliiwekea mikono, nikaiombea. Msicheke, ninyi pia mnaombea mambo ya ajabu. Nikaiweka chini ya mto.

Usiku wa kumi na moja, saa nane hivi, nikasikia: "Hodi, Pasta. Pasta, tusaidie." Maneno yale yale. Nilizima taa. Nilisimama nyuma ya mlango na bastola mikononi, nikaielekeza mahali ninapofikiri kifua cha mtu kilipo. Aligonga mara tatu. Bibi yangu alitaka kuuliza ni nani, nikamfunga kinywa na mkono. Mtu akangoja, kisha akaenda.

Alikuwa shemasi wetu. Bibi yake alikuwa katika uchungu wa kuzaa, hawakupata motari saa ile, alitaka nipige simu kwa ndugu mwenye gari. Walikwenda na miguu. Mtoto alizaliwa kwenye baraza ya duka lililofungwa, mlinzi wa duka akiwashikia tochi. Asubuhi shemasi akaja kunipa habari, na akasema kwa heshima: "Pasta, tulipita kwako usiku."

Nikasema: "Sikuwa nyumbani."

Wapendwa, fungueni sasa Yohana 18. Luka, aliye mganga, ndiye peke yake anayeandika kwamba Yesu aligusa lile sikio akaliponya. Yohana ndiye anayeandika majina: aliyekata ni Petro, aliyekatwa ni Malko. Na Yohana anaongeza neno ambalo tunalipita mbio, mstari wa 26. Katika ua wa kuhani mkuu, kando ya moto wa makaa, Petro anaulizwa mara ya tatu. Anayeuliza ni nani? Siyo kijakazi tena. Ni mtumwa aliye ndugu wa yule ambaye Petro alimkata sikio. Anamwambia alimwona bustanini. Unafikiri Petro aliogopa nini pale? Kwa swali la kwanza aliogopa kuitwa mwanafunzi. Kwa la tatu alikuwa anaogopa juu ya upanga wake. Ule upanga aliobeba juu ya kumlinda Bwana ulimletea shahidi, na mbele ya shahidi yule mtu aliyeapa kufa alisema hamjui. Kama asingekata sikio, ndugu wa Malko angekuwa mtu tu anayeota moto.

Nilihubiri juu ya kumkana Yesu mara nyingi kabla sijaona mstari huo. Nilikuwa nimekwisha kusema "sikuwa nyumbani".

Bastola nilimrudishia mwenyewe, na hilo nalo lilikuwa kosa. Niliondoa hatari katika nyumba yangu nikaipeleka katika nyumba yake, yenye watoto watano. Yeye alihama kwenda Bunia, na sijui kitu kile kiko wapi leo.

Katika avenyu yetu tulikaa na shefu na majirani tukapatana: mwenye shida ya usiku anapiga simu kwanza, ao anakuja na jirani mmoja na wote wawili wanasema majina yao. Anayeona wezi anapiga filimbi, na kila nyumba inapiga sufuria, hakuna anayetoka peke yake. Je, wezi waliacha? Mwaka uliofuata waliingia avenyu ya pili wakabeba mbuzi. Filimbi zililia, wakaacha mmoja. Siwezi kuwaambia ni zaidi ya hapo.

Mama mjane: tulikwenda naye mimi na shefu wa kartye. Hatukubeba bunduki. Msibebe bunduki njiani kwenda kuirudisha, askari wa kituo hajui nia yako, anaona bunduki tu. Tulikwenda na neno, tukamweleza mkubwa wa mahali, tukaacha majina yetu wote watatu, na wao ndio waliokuja kuichukua nyumbani mwa mama, mchana, majirani wakiona. Mama aliomba kitu kimoja: abaki na kitambaa alichokuwa anaipangusia. Walimpa.

Ijumaa nyuma ya maombi nitakuwa katika ofisi ndogo nyuma ya kanisa, na mzee wa kanisa atakuwa mlangoni, mbali kidogo, asisikie. Mwenye kitu aje bila kitu. Hata kama hujawa tayari kukitoa, njoo uniambie kwa nini unacho.

Na juma hili, mbele ya kuleta somo hili redioni, nilikwenda kwa shemasi. Sikutaka asikie kwa redio. Mtoto alikuwa uani, yuko darasa la kwanza sasa, anaandika na makala ukutani. Nilimwambia shemasi yote, bastola, mlango, uongo wangu. Bibi yake alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho. Akasema: "Tulijua, Pasta. Tulipopiga hodi, taa yako ilizimika."

Miaka saba wanakuja katika ibada, wanaketi kiti cha pili.

Tusimame, tuombe.